Kabla Hamjasema Kichwa cha Treni ni Chenu

Asubuhi moja lori lilisimama mbele ya uwanja ambamo kamati yetu ilikuwa ikitunza kichwa cha treni cha mvuke, na vijana wanne wakashuka na mitungi ya gesi ya kukatia chuma. Kiongozi wao alikuwa mtu wa adabu. Alinisalimu, akaniita mzee, kisha akanionyesha risiti: alikuwa ameshinda zabuni ya chuma chakavu, na namba ya kichwa chetu ilikuwa miongoni mwa vitu alivyolipia. Kwa miaka sita tulikuwa tumekipaka rangi, tumeziba matundu ya paa la kibanda cha dereva, na tumewatembezea wanafunzi tukiwaeleza jinsi maji yanavyogeuka kuwa nguvu ya kuvuta mabehewa. Hata hivyo, aliponiuliza sisi ni nani kwa kitu kile, sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha.

Ruhusa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mdomo, na ofisa aliyeitoa alikuwa amestaafu. Tuliokolewa na nakala ya barua iliyopatikana katika jalada la zamani, iliyoagiza kwamba kichwa kile kisiuzwe bali kibakizwe kwa ajili ya kumbukumbu. Mnunuzi akarudishiwa fedha zake, nasi tukapewa mwezi mmoja wa kuandika mkataba. Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko ya wenzangu, kwa sababu nilifanya kazi stoo ya reli kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kutoa hata nati moja bila hati iliyotiwa sahihi.

Tangu siku ile, kila ninapofuatwa na shule, mwenye hoteli au kikundi cha wapenzi wa reli wanaotaka kupewa kichwa cha zamani, huwauliza kwanza kama wanataka kukimiliki au kukitunza. Wengi hujibu kwamba ni yote mawili, na hapo ndipo ninapojua kwamba hawajalifikiria jambo lenyewe. Lugha yetu ina neno zuri kwa hali hii, nalo ni amana. Aliyewekewa amana hushika mali ya mwenzake kwa uangalifu, haikodishi wala haibadilishi bila idhini, na huirudisha inapotakiwa. Si mwenye mali, lakini si mpita njia pia. Karibu kila kichwa cha mvuke kilichosalia katika eneo letu kinatunzwa kwa namna hiyo, ingawa mara nyingi anayekitunza hajui kwamba ndivyo alivyo.

Swali la mmiliki kwetu Afrika Mashariki lina mizizi mirefu kuliko watu wanavyodhani. Reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika ziliunganishwa mwaka 1948, na tangu hapo vichwa vya treni vikawa mali ya shirika moja lililohudumia nchi tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikaunda shirika lake la reli, na mgawanyo wa mali na madeni haukukamilishwa kisheria hadi makubaliano ya mwaka 1984, baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, yaani shirika la pamoja likiwa bado hai. Anayetembea pale leo atakutana na kichwa namba 5918 kiitwacho Mount Gelai na namba 5930 kiitwacho Mount Shengena, viwili kati ya Garratt 34 (vichwa vikubwa vyenye injini mbili zinazolishwa na boila moja, yaani tangi la kuchemshia maji) za daraja la 59 zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani zipatazo 250. Gelai na Shengena ni milima ya Tanzania. Pale pale kuna namba 3020, Nyaturu, iliyobeba jina la watu wa Singida. Nimewahi kumsikia mgeni mmoja akisema kwa sauti kwamba mali hiyo ni ya Watanzania. Nilimweleza kwa upole kwamba jina lililobandikwa ubavuni halijawahi kuwa hati ya umiliki, la sivyo milima ingekuwa imedai vyuma vyake zamani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ninayoshauri ni kufuata mnyororo wa umiliki kutoka shirika hadi shirika, na kupata barua ya mrithi wa mwisho kisheria, iliyotiwa sahihi na mtu mwenye mamlaka ya kutoa mali. Meneja wa stesheni hana mamlaka hayo, hata akiwa rafiki yenu. Kampuni iliyokodishiwa kuendesha treni nayo yaweza kuwa na haki ya kutumia mali bila kuwa na haki ya kuigawa.

Msitegemee sana sheria za mambo ya kale kuwalinda. Sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, ilhali ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 1964, mpaka wa umri ni mwaka 1863. Sheria hizo zote mbili zinaitaja milango ya kuchongwa, ile ya Kenya ikiilinda iliyochongwa kabla ya mwaka 1946 na ile ya Tanzania kabla ya mwaka 1940, lakini kichwa cha treni hakikutajwa kwa jina, na ni lazima kwanza kitangazwe rasmi kuwa kitu kinacholindwa. Mlango wa Lamu una mlinzi tangu siku sheria ilipopitishwa. Garratt ya tani 250 inasubiri mtu aandike barua. Andikeni barua hiyo mapema, lakini msiache kuandika mkataba mkidhani barua inatosha.

Hatua inayofuata ni kujua kitu chenyewe ni kipi, na hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoona migogoro mingi. Kichwa cha treni hubadilishwa namba katika maisha yake. Garratt za daraja la EC3 za Reli ya Kenya na Uganda, zilizokuwa namba 77 hadi 88, ziliandikwa upya kuwa 5701 hadi 5712 baada ya muungano, hivyo jalada la zamani na orodha mpya zaweza kuzungumzia mashine ileile bila kufanana hata tarakimu moja. Namba isiyobadilika ni ile ya kiwandani, iliyo kwenye bamba la mtengenezaji. Tena, karakana haikuwa na huruma na ukoo wa vyuma: boila iliyotoka kwenye kichwa kimoja ilitengenezwa na kufungwa kwenye kingine kilichokuwa kikisubiri, na fito za magurudumu nazo zilihamishwa kila haja ilipotokea. Ndiyo maana mkataba usiseme tu "kichwa namba fulani", bali uambatane na orodha ya sehemu zake na picha ya kila namba iliyogongwa kwenye chuma. Siku mkiazima pampu au geji kutoka kwenye mabaki ya kichwa kingine, andikeni siku hiyohiyo ni ya nani. Sehemu mpya mtakazotengeneza kwa fedha zenu ziandikiwe kifungu chake, kwa sababu mwenye mali akikichukua kichwa chake, hamtaweza kung'oa bomba za boila mkaondoka nazo begani.

Wapo wanaoniambia kwamba dawa ya haya yote ni kununua, ili mtu awe na usemi wa mwisho. Nawaelekeza Uingereza, kwa Flying Scotsman, kichwa kilichoundwa Doncaster mwaka 1923. Mwaka 1963 Alan Pegler alikinunua kwa pauni 3,000 kisiende kukatwakatwa. Mwaka 1969 alikipeleka Marekani, gharama zikamshinda, na mwaka 1972 akafilisika huku kichwa kikiwa mbali na kwao. William McAlpine ndiye aliyekinunua mwaka uliofuata na kukirudisha kwa meli. Mwaka 1996 kilinunuliwa na Tony Marchington, ambaye naye fedha zilimwishia. Mwaka 2004 makumbusho ya taifa ya reli ya York yalikinunua kwa takriban pauni milioni 2.3, na matengenezo yaliyofuata yaligharimu zaidi ya pauni milioni 4 kabla hakijarudi njiani mwaka 2016. Wanunuzi wale hawakukosa mapenzi, na bila Pegler huenda leo pasingekuwa na cha kuzungumzia. Ila bei ya kununulia ndiyo sehemu ndogo kabisa ya gharama, na mali ikiwa ya mtu mmoja, madeni ya mtu huyo huifikia.

Boila ndiyo inayokula fedha. Kwa desturi ya reli za urithi za Uingereza, kichwa kinachowashwa moto huvuliwa na kukaguliwa kwa kina kila baada ya takriban miaka 10, mbali na ukaguzi wa kila mwaka. Mkataba wenu useme waziwazi kama mnaruhusiwa kukiwasha au mtakitunza kikiwa kimepoa. Kama ushauri wangu una uzito wowote, kikundi kipya kianze na kichwa kilichopoa. Mvuke una nguvu ya kuua, na bima ya kichwa kinachotembea haifanani na ya kile kinachopigiwa picha. Pia msibandue mavazi ya boila, yaani tabaka la kuzuia joto lisipotee, kabla mtaalamu hajapima, kwa kuwa boila nyingi za zamani zilifunikwa kwa asibesto, madini ya nyuzinyuzi yanayoharibu mapafu, na vumbi lake haliulizi kama unafanya kazi ya kujitolea.

Baadhi ya vifungu huonekana vya kukosa adabu wakati wa kusherehekea makabidhiano, navyo ndivyo vya lazima zaidi. Kikundi kikivunjika, nani atakikabidhi kichwa, na kwa nani? Mwenye ardhi akitaka uwanja wake, nani atalipia kreni na trela? Mwenye mali akibadilika, je, makubaliano yatawafunga warithi wake kisheria? Sisi tulipendekeza muda wa miaka 20, tukapewa 10 na haki ya kuomba upya, nayo imetutosha. Tulikubali pia kwamba mapato ya kiingilio yaingie akaunti yenye wadhamini watatu. Kifungu hicho kilimuudhi mjumbe mmoja hadi akajitoa.

Baada ya mkataba kusainiwa, bamba la shaba la mtengenezaji, ambalo tuliamini liliibwa zamani, lilijitokeza. Dereva mmoja mstaafu, mtu mzima kuliko mimi, aliniita nyumbani kwake, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Alisema alilifungua mwenyewe wiki mashine ilipoegeshwa, baada ya kuona shaba ikianza kupotea kwenye vichwa vya jirani. Katika kamati kulikuwa na waliotaka taarifa iseme kwamba mali ya wizi imepatikana, na kwa lugha ya stoo hawakukosea sana. Mimi nilipinga. Tulikaa karibu saa nzima tukitafuta maneno ya hati ya mapokezi, na mwishowe tukaandika kwamba bamba limerudishwa na mtu aliyekuwa akilihifadhi tangu mashine ilipoacha kazi. Nilimpelekea aisome. Aliisoma mara mbili, akaomba kalamu, na kabla ya kutia sahihi akaongeza kwa mkono wake, chini ya jina lake, cheo alichostaafu nacho.