Mshindwa atoe mji

Swali la wiki: “Wafanyakazi wenzetu 12 wanafanyia kazi majumbani kwao, Nairobi, Dar es Salaam, Kigali na Muscat. Ni mchezo gani wa mtandaoni utakaowafanya wafahamiane bila kuwachosha?”

Jibu langu ni vitendawili. Vina mwito unaojulisha nani yumo (“Kitendawili!” “Tega!”), vina zamu, na vina adhabu isiyomuumiza mtu: ule mji anaoutoa aliyeshindwa. Havihitaji kamera wala programu ya kununua. Sauti peke yake inatosha, na sauti hula bando kidogo sana ikilinganishwa na picha.

Lakini ukivihamisha kutoka barazani hadi Zoom vivyo hivyo, vitavunjika mahali pawili. Kwanza ni ule mwitikio wa pamoja. Programu za mikutano huchuja kelele na kuipa nafasi sauti inayosikika zaidi, kwa hiyo “Tega!” ya watu 12 hufika ikiwa vipande vipande, na mtegaji hubaki hajui kama anasikilizwa. Basi kila kikundi kiwe na msemaji mmoja wa kuitika. Wengine wafunge maikrofoni na waandike “tega” kwenye sehemu ya ujumbe.

Pili ni mbio za kujibu. Sauti ya mwenye intaneti dhaifu huchelewa, hivyo mwenye faiba atashinda kila mara, na kikifika kitendawili cha tatu mwenzake wa bando atakuwa ameacha kujaribu. Dawa yake ni kuandika bila kutuma. Mtegaji akishatega, vikundi vipewe sekunde 60 za kufikiri. Kila mtu aandike jibu lake na kidole kisubiri. Mwendeshaji ahesabu moja, mbili, tatu, “Tuma!” Majibu yote yataangukia kwenye skrini kwa pamoja. Hapo ndipo kicheko kinapotoka, maana kila mtu anaona mwenzake alivyowaza.

Vitendawili vyenyewe viwe vipya. Ukitega “Kuku wangu katagia mibani”, nusu ya watu watajibu nanasi kabla hujamaliza, na waliobaki watapekua kwenye simu. Vikundi vitunge vyao kuhusu kazi na nyumba zao. Mifano ya kuwaanzishia: “Akizunguka yeye, tunachoka sisi” (kile kiduara cha kusubiri intaneti). “Midomo yaenda, neno halifiki” (aliyesahau kufungua maikrofoni). Kitendawili kizuri kina maneno yasiyozidi 8 na jibu ambalo kila mtu huliona kila siku. Mambo ya maumbile ya mtu, kabila, dini na mshahara yakatazwe mapema, kabla ya kugawana vikundi.

Kwa watu 12, gawa vikundi 3 vya watu 4, kila kimoja kikichanganya miji na idara. Ukiweka 6 katika kikundi, wawili watakuwa watazamaji. Bosi akiwemo asiwe msemaji wala mwandishi, kwa sababu akisema yeye wengine hukubali tu na utunzi unaishia hapo.

Sasa mji, ambao kwangu ndio moyo wa mchezo wote. Vikundi vyote vikikosa jibu, mtegaji aseme “Nipeni mji.” Weka sharti moja: mji utakaotolewa uwe ule ambao mtu wa kikundi kimojawapo kilichoshindwa ameishi au walau amelala, na huyo mtu aseme kwa sekunde 30 mgeni ale nini huko na akaketi wapi jioni. Mtegaji anaruhusiwa kuukataa mji mara moja, kama ilivyo ada. Akiukubali, “asafiri” hadi huko, aseme alivyopokewa, ndipo afichue jibu. Kwa njia hiyo mhasibu wa Muscat atajulikana kuwa alikulia Pemba bila mtu kumwuliza “tuambie kidogo kukuhusu”, swali linalowafanya watu wazima wengi waingiwe na baridi. Mji mmoja uwe alama moja, na jibu sahihi nalo alama moja. Zawadi ya fedha iachwe, maana inageuza mchezo kuwa mtihani.

Wenzako wa Kigali wasilazimishwe kufungua kwa Kiswahili. Waseme “Sakwe sakwe!” na wote wafundishwe kuitika “Soma!” Wa Nairobi aliyetoka Nyeri naye ana “Gwata ndaĩ” ya Kikuyu. Dakika mbili za kujifunza miito hii zina faida kubwa, kwani kila mmoja anakuwa mwenyeji kwa zamu yake.

Muda: dakika 4 za sheria na miito, 8 za kutunga vitendawili 3 kwa kila kikundi katika vyumba vidogo vya Zoom (breakout rooms), 18 za kutega, yaani 2 kwa kila kimoja, na 5 za akiba. Jumla ni 35, ndani ya zile dakika 40 za Zoom ya bure. Kumbuka kwamba vyumba vidogo vikifungwa, kwa kawaida watu hupewa hadi sekunde 60 za kurudi. Anza kuwaita ikiwa dakika ya 7 ya kutunga. Mwendeshaji atumie kompyuta na asicheze.

Kwenye mwaliko andika saa za kila mji: saa 4 asubuhi ya Nairobi na Dar ni saa 3 Kigali na saa 5 Muscat. Ukiandika “saa 4” peke yake, mtu wa Kigali ataingia mchezo umekwisha.

Kama mtandao wa wengi hauaminiki, hamishieni mchezo WhatsApp. Mtegaji atume kitendawili kwa sauti asubuhi. Majibu yaende kwa mwendeshaji faraghani hadi saa 10 jioni, kwa sababu jibu sahihi la kwanza likitua kundini mchezo umekufa. Mji na jibu vitolewe jioni hiyo hiyo. Vitendawili 3 kwa wiki vinatosha.

Na bando la siku hiyo lilipwe na kampuni, litumwe jana yake, kwa kila mtu, bila kusubiri aombe.