Kesho mazoezi saa kumi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza kama muziki unaweza kumpa matumaini mtu aliyekimbia vita, au unamsahaulisha tu kwa muda. Mimi nasema unaweza, ila matumaini hayo sijayaona kwenye maneno ya wimbo. Nimeyaona kwenye mazoezi.

Kazi yangu ni kufunga vyombo vya muziki kwenye harusi na mikutano ya injili hapa Mwanza, hivyo wapigaji nawajua tangu wanapoingia wakiwa na njaa mpaka wanapodai chao usiku. Kati yao yuko mzee mmoja mpiga gitaa la solo, Mkongo wa Uvira. Vita ilipofika kwao Oktoba 1996 alivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na baadaye akapelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo kwa ajili ya wenzake. Gitaa lilibaki Uvira. Jinsi alivyofika huku kwetu ni habari ndefu ya vibali, na si yangu kuitangaza.

Sisi wa Mwanza vita tuliionja kwa ncha ya ulimi tu. Machi 1979, wakati wa vita na Uganda, ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Idi Amin kulipua matangi ya mafuta ilikosa shabaha, makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Ndiyo maana huwa naona aibu kidogo kumuuliza mzee huyu maswali. Lakini la gitaa nilimuuliza.

Kambini mafuta ya kula ya msaada yalikuja kwenye makopo ya bati ya lita 4. Kopo moja akalichonga tundu upande mmoja, akaliwekea shingo ya ubao na misumari ya kukazia nyuzi. Nyuzi zenyewe alizipata kwenye waya wa breki ya baiskeli. Waya huo ukiutazama unaona mmoja, kumbe ndani umesokotwa kwa nyuzi nyembamba nyingi. Aliufumua kwa koleo, akauzungusha kila uzi kwenye shina la mti na kuuvuta huku na huku mpaka ukaacha kujikunja. Mmoja mtupu ukawa namba moja, uzi mwembamba kuliko wote kwenye gitaa. Kwa sauti nene alisokota miwili au mitatu pamoja. Vidole vilichanika, na mlio, kwa kauli yake mwenyewe, ulikuwa wa kopo.

Wakapatikana wenzake wawili, mmoja wa besi na mwingine wa kugonga dumu la maji. Nilidhani ataniambia walitunga nyimbo za kulilia nyumbani. Akacheka. Walipiga zilezile za harusini, na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, waliirudia mpaka majirani wakachoka. Kilichomshika, anasema, ni sentensi waliyoachana nayo kila jioni: "Kesho repetisio, saa kumi." Repetisio ndiyo mazoezi. Fikiria maisha yalivyo kambini. Siku ya mgao anaipanga mwingine, siku ya kuhesabiwa anaipanga mwingine, hata vikopo vya maharage anapima mwingine. Saa kumi waliipanga wao. Mtu anayejua kwamba kesho saa kumi kuna mwenzake atakayenuna asipomwona, huyo ana kesho.

Najua kuna watakaomtaja Remmy Ongala, yule mwanamuziki Mkongo aliyevuma hapa nchini, na kwa heshima zote namvulia kofia. Lakini Remmy alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na bendi ya mjomba wake, Mzee Makassy. Alikuja kutafuta kazi, hakuja akiwa amekimbia risasi. Tuna tabia ya kumtia kila Mkongo mwenye gitaa kwenye kapu moja.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Tabora. Waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu, huko Tabora, na pia Katumba na Mishamo. Aliyekulia Kanda ya Ziwa lazima ameisikia Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu, kama si nyumbani basi kwenye basi. Jina hilo ni la barabara ya makazini. Wengi wetu tuliziimba nyimbo zao tukifua na kupika bila kujua kwamba tunaimbiwa na watu ambao vitabu vya serikali viliwaandika wakimbizi. Wenye asili ya 1972 zaidi ya 160,000 walikuja kupewa uraia, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Hesabu mwenyewe toka 1972. Katika miaka yote hiyo ya kuwa wageni kwa karatasi, sauti ya kwanza ilikuwa inakaa na sauti ya kwanza, besi na besi, na mwalimu anakatisha wimbo kwa sababu mtu mmoja kaingia mapema. Kwaya nzuri haipatikani bila hilo. Ukisikia sauti nne zimekaa vizuri, ujue kuna jioni nyingi nyuma yake ambazo hakuna aliyewapigia makofi.

Atakayesema muziki wenyewe ni dawa, nitamkumbusha Arusha. Desemba 2008 mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokaa huko ilimhukumu Simon Bikindi, mwanamuziki mkubwa wa nchi ile, kifungo cha miaka 15 kwa kuchochea mauaji ya kimbari. Alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyatangaza barabarani kwa kipaza sauti, si kwa nyimbo zake, ingawa nyimbo hizo zilipigwa sana na RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji hayo. Huyo naye alikuwa na sauti nzuri na bendi iliyoiva. Kwa hiyo msinipe habari ya muziki kulainisha mioyo. Unategemea nani kaushika.

Turudi kwa mzee wangu. Siku hizi jioni anafundisha vijana wa kwaya moja huku Igoma. Habari za kwao huzipata Mwaloni Kirumba kwa Wakongo wanaofuata dagaa na kayabo, sangara wa chumvi, maana wao husikia kabla ya redio. Januari 2025 mji wa Goma ukachukuliwa na waasi wa M23, Februari ukafuata Bukavu, na Bukavu ana dada. Jioni ya habari ya Bukavu nilikuwepo, nimepeleka spika. Vijana walishasikia, wakadhani hatakuja, na mmoja akapendekeza waahirishe. Akaja. Wakamwombea, akasema amina, akashika gitaa akakaza uzi. Wimbo haukufika nusu akawasimamisha. "Besi inachelewaka. Turudilie." Wakarudia, besi ikachelewa tena, akampokonya kijana gitaa akampigia yeye polepole, kidole kwa kidole, kisha akamrudishia. Dada hakupatikana kwenye simu mpaka siku kadhaa baadaye, na katika siku hizo hakukosa mazoezi hata mara moja. Sijui mnaita nini hiyo. Mimi siwezi kuiita kusahau, kwa sababu simu ilikuwa juu ya spika yangu, kioo juu, na kila ikiwaka alikuwa anaitazama huku vidole vinaendelea.

Kuna jambo linanikera, mniruhusu niliseme. Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, mtu kama huyu hukumbukwa. Nimewahi kufunga vyombo kwenye shughuli ya namna hiyo. Kikundi kilipewa wimbo mmoja, katikati ya hotuba, wakaambiwa uwe wa matumaini na usizidi dakika tano. Walipomaliza wageni wakapiga picha nao, vyombo vikapakiwa kwenye lori, wao wakarudi na gitaa lao lenye nyuzi nne. Hakuna aliyeuliza wanafanyia wapi mazoezi.

Basi kama kuna msomaji anataka kufanya jambo baada ya swali hili, ajue wapigaji wa aina hii wana haja ya chumba chenye umeme jioni, na nyuzi. Anunue seti nzima, na juu yake aongeze namba moja kadhaa, kwa sababu hiyo ndiyo hukatika kwanza, na dukani ukiitaka peke yake wanakulazimisha ununue seti nyingine.

Msomaji wenu,
Igoma, Mwanza