Ramani kubwa haitawarudishia wachezaji

SWALI: Shikamoo kaka. Tuko vijana watatu hapa Masasi, tunatengeneza gemu ya mtandaoni ya kuigiza wahusika, enzi za misafara ya pwani ya kusini. Tulianza na wachezaji 80, sasa jioni tunaona 12 tu. Ramani yetu ina kilomita za mraba 2. Kila kijiji tumekiwekea kisima, mhunzi na soko ili mchezaji asisumbuke. Kuna fundi anatuuzia dunia iliyo tayari, kilomita za mraba 400, kwa shilingi 600,000. Anasema hata soko halitaganda tena watu wakijaa. Tuichukue?

JIBU: Marahaba wadogo zangu. Msiichukue. Hiyo laki sita nunueni bando, ikibaki mle pweza.

Swali hili naletewa kila mara, hubadilika idadi ya kilomita tu. Shikeni kalamu. Watu 12 kwenye kilomita za mraba 400, kila mmoja anabaki na zaidi ya 33 peke yake. Mhusika anayekimbia mita 5 kwa sekunde atavuka kilomita 20, ukingo hadi ukingo, kwa dakika 66. Nani atashika simu saa nzima akitazama miti huku bando linaisha?

Kuhusu kuganda, fundi wenu hajasema uongo. Milima haiichoshi seva, ile kompyuta inayoendesha gemu; watu wanaoonana ndio wanaoichosha. Wakiwa 50 sokoni, kila mmoja lazima apate habari za nyendo za wenzake 49: taarifa 2,450 kila mara seva inapotuma habari. Watawanyeni porini, seva itapumua, kama duka linavyopumua likikosa wateja. Dawa si kutawanya watu, ni kupunguza kinachotumwa: aliye karibu nawe upate habari zake mara nyingi, wa mbali mara chache, aliye nyuma ya ukuta zisitumwe kabisa.

Linaloniudhi hasa ni hii imani kwamba dunia ya gemu ni ardhi. Mwaka 1978, Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walianzisha MUD, gemu ya maandishi matupu. Picha hakuna. Hata mita moja ya mraba haikuwemo! Watu wa nje ya chuo waliingia usiku, kompyuta ikiwa haina kazi nyingi, na walikesha humo, kwa sababu ndani walikuwemo watu wengine.

Sasa tazameni Newala, hapo jirani yenu. Watu wanaishi juu ya uwanda wa Makonde, maji yako chini bondeni. Bibi zetu walishuka alfajiri na kupanda na mitungi, na njia ya maji ndiyo iliyobeba habari zote: nani kaposwa, nani kagombana na nani. Ilikuwa taabu, siisifii. Ila kwa msanifu wa gemu somo liko pale. Nyinyi mmeweka kisima kila kijiji, kwa hiyo mchezaji hana haja ya kumjua mwenzake. Ondoeni. Chumvi ipatikane pwani tu, sandarusi msituni tu, mhunzi awe mmoja. Kilomita zenu 2 zinatosha, tena mimi ningezipunguza.

Hamkuniambia sarafu za gemu zinakwenda wapi baada ya mchezaji kuzipata kwa kuua madubwana. Nahisi haziendi popote. Zikimwagika tu bila pa kutokea, wiki ya tatu kila mtu ni tajiri na bei hazina maana. Katika EVE Online, gemu ya vyombo vya angani iliyoanza mwaka 2003, chombo kikilipuliwa kimepotea moja kwa moja, ndiyo maana waundaji wa vyombo hawakosi kazi. Panga zenu nazo zivunjike.

Na huyo fundi. Milima na mapori ya namna hiyo programu huyatoa kwa dakika chache kutokana na namba moja ya kuanzia. Ukibadilisha namba, unapata milima mingine. Anawafanyia kangomba, kama walanguzi wa korosho: ananunua kwa kisado na kuuza kwa gunia. Mji wetu huu wa Mtwara una wengi wa aina yake: muuza dunia, muuza almasi za gemu za “bure”, anayedai atakupandisha ngazi usiku mmoja. Wote mwishoni huomba nywila. Kijana mmoja wa Lindi alimpa muuza ramani nywila ya seva “aisimike vizuri”. Asubuhi akaunti tatu zisizojulikana zilikuwa na dhahabu kuliko wachezaji wote, na mali inauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Aliponiita, nakala pekee ya akiba aliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Tukairudisha hiyo hiyo, na wachezaji waliopoteza wiki mbili zao wengi hawakurudi.