Siku Mbili Mombasa: Tuanzie Wapi?

SWALI: Mhariri, mimi na rafiki yangu tutafika Mombasa kwa treni kutoka Nairobi Ijumaa jioni, na tutarudi Jumapili. Tuzuru wapi, na tule nini, bila kumaliza akiba yetu?

JIBU: Tengeni nauli ya matatu mapema, kwani treni huishia Miritini, mbali na katikati ya mji. Jumamosi staftahini mahamri kwa mbaazi za nazi, kisha mwingie Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kabla jua halijawa kali. Hatua chache kutoka hapo ni Mji wa Kale, ambao kwa maoni yangu unastahili muda mwingi kuliko ngome yenyewe: vichochoro ni vyembamba, milango imetiwa nakshi, na roshani za mbao zimetokeza juu ya vichwa vya wapita njia. Vaeni mavazi ya heshima, na msimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Jioni nendeni bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, mkatazame meli zikiingia bandari ya Kilindini, huku mkila mihogo ya kuchoma iliyopasuliwa katikati na kutiwa pilipili na ndimu. Mkitaka kuvuka hadi Likoni, ng'ambo ya kusini, feri haiwatozi waendao kwa miguu.