Jibu: Tuwaeleze nini wavuvi kuhusu magugu maji?

Ndugu mwanajukwaa, umeuliza wavuvi wa Ziwa Victoria waelezwe nini ili magugu maji yasihamie kwenye mabwawa ya jirani. Mabango, kwa maoni yangu, hayasaidii sana. Utandaze wavu juani mbele yao, uwaonyeshe kipande cha shina chenye mizizi kilichonasa kwenye matundu, kwa kuwa kipande hicho kimoja kikitumbukia bwawani huweza kuchipua mmea mzima, na mbegu zake hukaa hai topeni kwa miaka mingi. Nyavu na mitumbwi visafishwe na kukaushwa kabla ya kuhamishwa. Usiwasahau wapenda bustani, maana mmea huu wa Amerika Kusini ulisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau.