Mnauliza, Tunajibu: Biskuti za Desemba, mkate wa kumimina na vitabu vya msimu

Barua nyingi za safari hii zinagusa jambo moja. Familia inataka desturi yake ya sikukuu, kitu ambacho watoto watakisubiri mwaka mzima, lakini kinachotoka jikoni au mezani hakifanani na kilichokusudiwa. Mara nyingi kosa si la mikono. Maelekezo mengi ya kuoka na ya kazi za karatasi yameandikwa kwa nchi ambazo Desemba ni baridi kali, na sisi Desemba yetu ni joto la kaskazi. Kwa hiyo tumejibu kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam.

Kila Krismasi nakata biskuti za nyota pamoja na wanangu. Zinaingia kwenye oveni zikiwa nyota, zinatoka zimetandaa na kuungana. Vipimo nafuata vyote.
*Mama wa watoto watatu, Mbagala*

Mama, tatizo ni siagi. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi za Sentigredi, na jiko lenye oveni inayowaka mchana wa Desemba linapita hapo. Donge lako linaingia motoni siagi ikiwa imeshalainika, linasambaa kabla unga haujashika umbo. Wengi hujaribu kuokoa hali kwa kuongeza unga, wakaishia na biskuti ngumu zisizo na ladha.

Tumia unga wa ngano gramu 300, siagi gramu 150, sukari ya unga gramu 100, kiini cha yai 1, chumvi kidogo na nusu kijiko cha chai cha iliki iliyosagwa. Usiweke beking pauda hata kidogo, maana kazi yake ni kuumua na wewe unataka pembe za nyota zibaki. Sukari ya kawaida nayo huchangia kutandaa, kwa sababu chembe zake huyeyukia ndani ya oveni. Kama huna ya unga, saga ya kawaida kwenye blenda kavu mpaka iwe vumbi, kisha uichekeche.

Saga siagi na sukari kwa mwiko mpaka vichanganyike tu, usipige mpaka ipande povu. Tia kiini, kisha unga, kusanya donge bila kulikanda sana. Lisukume likiwa katikati ya karatasi mbili za nailoni hadi unene wa nusu sentimita, na hapo ndipo uliweke kwenye friji kwa saa nzima likiwa bapa. Donge bapa hupoa haraka kuliko lililoviringwa, na watoto wanakata moja kwa moja bila kusukuma tena. Usiye na friji, nunua mfuko wa barafu, uweke chini ya sinia na donge lilale juu yake, limefunikwa vizuri lisiingie maji.

Oka nyuzi 170 kwa dakika 12 hadi 14, kingo zikianza tu kugeuka rangi. Baada ya mkupuo wa kwanza, iache trei ipoe kabisa kabla ya kupanga nyingine, kwani trei ya moto huyeyusha siagi hata kabla ya kufika ndani. Kazi yote ifanyike alfajiri, saa 12 au saa 1 asubuhi. Watoto huamka wenyewe siku hiyo.

Utapata biskuti 40 hivi. Zikipoa tu, zifungie kwenye kopo siku ileile, maana unyevu wa Pwani huzilainisha kwa usiku mmoja. Zikilainika, zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 5.

Assalaam aleikum. Mkate wa kumimina wa mwezi wa Ramadhani ndio desturi ya nyumba yetu, ila naupika kwa mkaa na unaungua chini huku juu ni mbichi. Safari nyingine unashuka katikati. Nisaidieni kabla ya mfungo.
*Dada wa Tandika*

Waaleikum salaam, dada. Una matatizo mawili tofauti, la moto na la uji wenyewe. Tuanze na uji, kwa sababu ukiharibika huko hakuna moto utakaoutengeneza.

Roweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha, uchuje maji yote. Saga na tui zito kikombe 1 na robo, hamira kijiko 1 cha chai na iliki. Saga mpaka ukisugua tone katikati ya vidole husikii chembe. Hapa ndipo wengi wanaharakisha: chembe zilizobaki ni nzito, zinazama chini wakati uji unaumuka, na mkate unakuwa na tabaka la kichanga chini na sponji nyepesi juu. Angalia pia joto. Tui lililokamuliwa kwa maji ya moto, au blenda iliyozunguka muda mrefu, huua hamira. Tui liwe vuguvugu tu, na ukihisi jagi la blenda limepata moto, pumzisha.

Funika uumuke. Vitabu vingi vya mapishi huandika saa moja na nusu, lakini kwa joto letu dakika 40 mara nyingi zinatosha, na hilo ndilo linaloshusha mkate wako. Uji uliopitiliza hujaa mapovu makubwa, hunukia uchachu, na ukiguswa na moto hunywea. Ukiona umekuwa mara mbili na juu umejaa vitobo vidogo, usingoje tena. Hapo tia sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai 1 uliopigwa kidogo, koroga taratibu, uache dakika 10. Sukari tunaitia mwisho kwa sababu ikiwa nyingi tangu mwanzo hupunguza nguvu ya hamira.

Sufuria iwe ya upana wa sentimita 22 hivi kwa kipimo hiki. Ukitumia nyembamba, kina kinakuwa kirefu na katikati hapaivi hata ukae saa nzima. Pasha sufuria, paka samli chini na pembeni, mimina uji sufuria ikiwa ya moto mpaka uisikie ikichacharika.

Sasa moto. Mkaa ukishawaka wote na kuvaa jivu jeupe, gawa: theluthi moja ibaki chini, itandaze pembeni na katikati pawe wazi, theluthi mbili weka kando. Funika, subiri dakika 10 au zaidi kidogo, mpaka vitobo vitokee juu na kingo zishike. Funua, futa matone yaliyoganda ndani ya mfuniko, kwa sababu yakidondokea mkate yanaacha mashimo ya majimaji. Funika tena, ndipo upalie: makaa yale yaliyowekwa kando yaende juu ya mfuniko, mengi pembeni kuliko katikati. Dakika 10 hadi 15 zinatosha kupata rangi ya dhahabu. Chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu umeiva. Mfuniko uwe bapa na wa bati zito, mwembamba huungua ukapinda. Na kazi hii ifanyike uani au barazani, kamwe si chumbani milango imefungwa, maana moshi wa mkaa usioonekana unaua.

Uache upoe ndani ya sufuria kabla ya kuupindua. Ukiupindua moto, unameguka.

Watoto wapewe kazi ya kumenya na kutwanga iliki. Ni kazi halisi, haina moto, na harufu ile ndiyo watakayoijua kama harufu ya mwezi mtukufu.

Tulitengeneza taa za karatasi na minyororo ya rangi kwa ajili ya Idi. Gundi haikukauka, karatasi zikajikunja, siku ya tatu kukawa na ukungu mweusi. Zamani haikuwa hivi.
*Baba na binti zake, Tabata*

Zamani Idi ilikuwa mwezi mwingine. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka sikukuu inasogea nyuma siku 10 au 11 katika kalenda ya kawaida. Idi el-Fitri ya 2016 iliangukia Julai, wakati wa kipupwe, hewa kavu kiasi na upepo wa kusi. Ya 2026 iko Machi, masika yakibisha hodi. Gundi ileile, watoto walewale, hewa tofauti.

Pikeni gundi yenu. Koroga vijiko 2 vya chakula vya unga wa ngano katika robo kikombe ya maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha robo tatu ya kikombe ya maji, mimina humo, koroga juu ya moto mdogo dakika 2 mpaka iwe ang'avu. Ikipoa tia kijiko 1 cha chai cha siki kuzuia ukungu. Wako wanaotia chumvi ili isioze, lakini chumvi huvuta unyevu hewani, na kwa masika ya Dar hilo linazidisha ubaya. Pikeni kidogo, ya siku mbili tu.

Karatasi hujikunja kwa sababu upande uliopakwa hutanuka ukilowa, kisha hunywea ukikauka. Pakeni gundi kwenye ukingo tu, ukanda wa sentimita 1, kwa kidole na si kwa brashi iliyojaa, kisha mbane kwa vibanio vya nguo dakika 20. Taa itokane na karatasi ya manila, si ya daftari. Kunja kwa urefu, kata kuanzia kwenye mkunjo kila baada ya sentimita 1 na nusu, acha sentimita 2 kabla ya ukingo, fungua, viringisha, gandisha. Ndani wekeni taa ndogo ya betri, mshumaa hapana kabisa. Mapambo yaning'inizwe mbali na dirisha linalopokea mvua, na wala si jikoni.

Nataka Desemba iwe mwezi wa vitabu nyumbani kwangu. Nina watoto wa miaka 4, 8 na 12, na uwezo wangu ni mdogo. Nianzie wapi?
*Mama, Kinondoni*

Anzia na kikapu kimoja, si na rafu. Weka humo vitabu sita au saba ambavyo hutoka mwezi huo tu, na Januari hurudi kabatini. Kitabu kilichozagaa mwaka mzima huzoeleka. Kilichofichwa miezi 11 hupokewa upya, hata kama ni kilekile cha mwaka jana, na mtoto wa miaka 4 hufurahia zaidi anachokijua. Usinunue vyote. Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ina sehemu ya watoto. Ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, kwa hiyo hata safari ya kwenda huko mwezi huo ina maana yake. Uliza utaratibu wa uanachama na ada za sasa ukifika.

Usomaji wa sauti uwe mfupi, dakika 15 baada ya chakula cha jioni. Tatizo la umri tofauti linatatuliwa kwa kugawana kazi: wa miaka 12 asome, wa miaka 8 awe sauti za wanyama, mdogo aitikie. Umeme ukikatika, vitabu vifungwe na mmoja aite "Paukwa!", wengine wajibu "Pakawa!", au vije vitendawili.

Kisha kila mwaka andikeni kitabu kimoja chenu. Bibi au babu asimulie hadithi, wakubwa waandike, mdogo achore. Chukua karatasi 6 za A4, zikunje pamoja katikati, utapata kurasa 24. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano nene: moja katikati, mengine sentimita 3 kutoka kila ncha. Uzi wa katani au wa kushonea viatu, urefu wa sentimita 60, uanze kutoka ndani kupitia tundu la katikati. Nje, urudi ndani kwa tundu la juu. Ndani, uruke katikati utokee tundu la chini. Nje, urudi ndani kwa katikati. Ncha mbili zikae pande mbili za uzi mrefu uliolala kwenye mkunjo, uzifunge fundo juu yake. Ukikosea ukazifunga upande mmoja, kitabu kitalegea. Jalada liwe manila lililovikwa kipande cha khanga iliyochakaa.

Vitabu vya kikapu visifungiwe kwenye mfuko wa nailoni wakati wa masika, vitavunda. Viweke kwenye sanduku la mbao au boksi lenye matundu, mbali na ukuta wa nje, na kila baada ya wiki tatu vifungue na kuvipepea kivulini. Jua kali hukausha gundi ya mgongo na kurasa hung'oka.

Tawi letu la mvinje la Krismasi hukauka na kupukutika kabla ya tarehe 25. Tunalinunua mapema mwezini.
*Familia, Kigamboni*

Msilinunue mapema. Siku tano kabla zinatosha. Mkifika nyumbani kateni tena sentimita 2 za mwisho, kwa sababu mahali palipokatwa hujifunga kwa utomvu na halinywi maji tena. Lisimamisheni kwenye ndoo yenye kokoto kubwa ili lisianguke, mjaze maji na kuyaongeza asubuhi na jioni, kwani siku ya kwanza hunywa mengi. Ndoo isiwe mkabala na feni wala chini ya dirisha la magharibi. Na mapambo mazito mning'inize karibu na shina, vijiti vya mvinje ni vyembamba na hukatikia kwenye vifundo.