Usiikimbilie harusi: saa za mwanzo ndani ya Kingdom Come: Deliverance II

Anayetoka kwenye michezo ya video ambayo shujaa wake huanza na upanga wa ajabu na nguvu za kishirikina ataudhika upesi na Kingdom Come: Deliverance II, kwa sababu humu hakuna joka wala uchawi, na kijana tunayemwongoza, Henry, mtoto wa mhunzi, anaanza akiwa hana kitu. Mdogo wangu alimtazama akipigwa na jambazi mmoja tu, akanigeukia: "Yaya, huyu bwana hata kupigana hajui!" Nilimjibu kwamba ndivyo ilivyokusudiwa, na asiyekubali hilo mapema ni heri akatafuta mchezo mwingine.

Mchezo huu, uliotoka tarehe 4 Februari 2025, umetengenezwa na Warhorse Studios ya Prague, nao unaendeleza hadithi ya ule wa 2018. Tuko Bohemia, katika Ucheki ya leo, mwaka 1403. Mfalme Wenceslas wa Nne ameshikwa na ndugu yake wa baba mmoja, Sigismund, mfalme wa Hungaria, na nchi imegawanyika. Henry anamsindikiza bwana wake, Hans Capon, kupeleka barua kwenye ngome ya Trosky, wanavamiwa njiani, na kila walichokuwa nacho kinapotea. Ambaye hakucheza ule wa kwanza asiogope, maana yaliyopita yanakumbushwa vya kutosha.

Kwa sisi wa Lubumbashi, jambo la kwanza la kupanga ni namna ya kuhifadhi mchezo, yaani kuweka ulipofikia ili uendelee kutoka hapo. Humu huwezi kuhifadhi kila unapotaka: mchezo hujihifadhi wenyewe katika hatua fulani za hadithi, ukilala katika kitanda chako au ulichokikodi, ukitoka kwa utaratibu, au ukinywa pombe maalumu inayoitwa Saviour Schnapps. Sasa fikiria umeme unakatika usiku, wewe umetoka kuzunguka msitu mzima: vyote ulivyookota na kila ulichojifunza tangu ulipolala mara ya mwisho vimekwenda. Kwa hiyo nashauri ujifunze kuchemsha dawa kabla ya kujifunza upanga. Pombe hiyo hupikwa kwa mvinyo, majani yawashayo na mmea wenye sumu uitwao beladona, ambao huokotwa bure, na upishi wenyewe ni wa kufuata kitabu hatua kwa hatua: hiki husagwa, kile huchemshwa, saa ya mchanga hugeuzwa. Tengeneza chupa kadhaa, unywe moja kila baada ya kazi nzito. Wenye konsoli ya PS5 wasijidanganye kwamba kuilaza tu kunatosha. Umeme ukikatika, kulala huko hakusaidii chochote.

Baada ya hapo nenda kijiji cha Tachov kwa mhunzi Radovan. Kazi yake ndiyo iliyonivutia kuliko vita vyote: unakitia chuma katika makaa, unavuta mivukuto, unakitoa kikiwa kimeiva, kisha unapiga nyundo sawasawa upande mmoja na upande wa pili, huku Henry akipiga mluzi unaokupa mwendo wa mikono. Rangi ya chuma ikianza kufifia, unakirudisha motoni kabla hujakiharibu. Pengine ni kwa sababu nimekulia nchi ya shaba, ambako wafuaji wa zamani walimimina misalaba iliyotumika kama fedha, lakini humo nilikaa muda mrefu bila kujali hadithi. Na mbele yako uko mji wa Kuttenberg, yaani Kutná Hora, ulioishi kwa machimbo ya madini ya fedha na ambako sarafu za groschen zilianza kupigwa mwaka 1300. Mtu wa Katanga atautazama kwa jicho tofauti na la wengine.

Kuhusu kupigana, sitasema mengi. Mtafute Tomcat, mkufunzi anayepatikana kwenye kambi ya wahamaji, akufundishe namna ya kujibu pigo la adui, halafu usipigane na watu wawili kwa pamoja mpaka uwe na kofia ya chuma. Afadhali oga. Ukinuka, wakubwa hawakusikilizi na walinzi wanakugundua ukijificha, na nguo yenye damu inaharibu mazungumzo ambayo yangekuepusha na ugomvi. Wizi nao una bei yake: watu wanakumbuka, na adhabu inaweza kuwa faini, kufungwa hadharani au hata kuchomwa alama.

Kwa upande wa vyombo, mchezo ni wa PS5, Xbox Series na kompyuta tu, na kompyuta yenyewe inadai nafasi ya gigabaiti 100. Hata ukipata diski, kuna marekebisho ya kupakua, basi yapange kwa saa za usiku au kwa rafiki mwenye intaneti nzuri, usimalize mega zako zote. Maandishi yanasomeka kwa Kifaransa.

Hadithi itakuvuta mapema uende kwenye harusi ya Semine, na mialiko iko miwili, mmoja kupitia mhunzi na mwingine kupitia msaga nafaka. Iache isubiri. Haina saa wala siku ya mwisho inayokukimbiza, na mgeni anayefika akiwa na nguo safi, fedha mfukoni na chupa mbili za Schnapps ataufurahia usiku huo kuliko aliyekuja moja kwa moja kutoka msituni.